Mbio za Ramani Si Ngeni kwa Mjukuu wa Nahodha

Shule zilipofungwa Disemba iliyopita, dadangu wa Kibokoni, Mombasa, alimpandisha mwanawe gari la moshi aje ale likizo kwa mjombake hapa Loresho, magharibi ya jiji la Nairobi. Kijana ana miaka kumi na mitatu, ana adabu, masomo anayaweza, na miguu yake haina mchezo. Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, nilimpa pesa nikamtuma maziwa na mkate. Dukani na nyumbani si mbali: kwenda na kurudi ni dakika ishirini kwa mtu asiye na haraka.

Saa tano ikapiga, kijana hajarudi. Saa tano na nusu nikavaa viatu. Nilimzunguka Loresho Ridge yote, nikamzunguka na Loresho Crescent, ile njia iliyopinda kama mwezi mchanga ambayo mgeni huifuata akidhani anakwenda mbele kumbe anarudi alikotoka. Nilimkuta karibu na Waiyaki Way, amekaa juu ya jiwe, mfuko wa maziwa mapajani, akitazama mabati ya Kangemi ng'ambo ya barabara. Aliponiona alisimama upesi.

"Mjomba, niwie radhi. Simu ilizimika."

Nikamwuliza, "Na jua je? Nalo lilizimika?"

Hakucheka, na nilipofikiri baadaye niliona alikuwa na haki ya kutocheka. Kosa halikuwa lake peke yake. Simu ndiyo iliyompeleka dukani, ikimwambia geuka kulia, geuka kushoto. Ilipokufa mkononi mwake ikamwacha katikati ya kuta. Na kuta za Loresho, msomaji, hazina msaada. Hapa palikuwa mashamba ya kahawa, leo ni nyumba za watu wenye nafasi. Kila ua una ukuta, kila ukuta una lango, na malango yote yanafanana. Hakuna baraza ambako mzee amekaa, umpe salamu akuelekeze. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini utamwuliza nani pasipo na mtu njiani?

Jambo hili lilinichoma kwa sababu ninamjua babu wa kijana huyu. Alikuwa baba yangu. Alikuwa nahodha wa jahazi la Lamu na Mombasa, na hata akiwa nyumbani hakusema "kulia" wala "kushoto". Alikuwa akimwambia mtu, "Sogeza kitanda kidogo upande wa suheli," au, "Mlango wako umetazama matlai, utapata upepo." Katika lugha ya mabaharia wetu, suheli ni kusini, kwa jina la ile nyota, matlai ni mashariki, linakochomoza jua, na kaskazini ni kibla. Wala hawakukosea kuita hivyo. Mombasa na Makka ziko karibu mstari mmoja wa longitudo, hazipishani hata nusu digrii, kwa hiyo mtu wa Mombasa anayeelekea kibla huwa ameelekea kaskazini barabara. Mtoto wa pwani aliyejua kusali alikuwa tayari ameshika ncha ya dira. Leo mjukuu wa nahodha anapotea kwa sababu ya betri.

Usiku ule, baada ya chakula, nilimweleza habari za mchezo mmoja ambao wengi wetu hatujausikia, ingawa una zaidi ya miaka mia moja. Napenda niwaeleze na wasomaji wangu, maana naona unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwao Skandinavia wanauita orientering. Mimi nitauita mbio za ramani. Neno lenyewe lilianza kutumika jeshini Sweden katika miaka ya 1880, maana yake ni kuvuka nchi usiyoijua kwa kutumia ramani na dira. Kutoka jeshini likatoka kwa raia. Tarehe 31 Oktoba 1897, karibu na mji ambao leo ni Oslo, klabu moja ya Norway iliita mashindano ya kwanza ya watu wote. Walikuja wanane tu. Vituo vya kutafuta vilikuwa vitatu, na njia ilikuwa ya kilomita zaidi ya kumi na tisa! Mwaka 1919, Meja Ernst Killander wa Stockholm, ambaye alikuwa akisikitika kuona vijana wanaipa riadha kisogo, alitayarisha mashindano yaliyovuta zaidi ya watu 200, na tangu hapo mchezo ukaota mizizi. Tarehe 21 Mei 1961 nchi kumi zilikutana Copenhagen zikaunda shirikisho la kimataifa. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Finland mwaka 1966.

Lakini kwa miaka mingi mchezo huu ulikuwa na ila moja: ulichezwa porini. Mkimbiaji aliingia msituni, akapotea machoni, akatokea baada ya saa moja au zaidi akiwa na matope hadi magotini. Mtazamaji aliona nini? Aliona miti. Picha za televisheni zilipatikana kwa taabu, na mchezo usioonekana haupati wafuasi. Shirikisho lilitambuliwa na Kamati ya Olimpiki tangu 1977, lakini mpaka sasa mbio za ramani hazijaingia katika Michezo ya Olimpiki.

Hapo ndipo palipozaliwa jambo ninalotaka kulisifu. Katikati ya miaka ya 1990 watu kadhaa, mmoja wao akiwa Jörgen Mårtensson wa Sweden, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1991 na tena 1995, walisema: ikiwa watazamaji hawaji msituni, basi mchezo na uwafuate watazamaji mjini. Mwaka 1996 wakaanzisha msururu wa mashindano ya kimataifa walioupa jina la Park World Tour. Wakimbiaji hodari, wanaume kwa wanawake, walizunguka nchi hadi nchi, wakikimbia mbio fupi na kali katika bustani za miji, viwanja, ngazi na vichochoro, mbele ya macho ya watu waliokuja kununua mboga wakasimama kutazama.

Wapo waliobeza. Walisema mbio za ramani bila msitu ni sawa na pilau bila bizari. Hata hivyo miaka mitano haikupita kabla wakuu wa mchezo hawajakubali. Mwaka 2001, katika ubingwa wa dunia huko Tampere, Finland, mbio fupi ziliingizwa rasmi kwa mara ya kwanza. Medali ya dhahabu kwa wanaume ilichukuliwa na Jimmy Birklin wa Sweden, na kwa wanawake na Vroni König-Salmi wa Uswisi. Mwaka 2014 ukaongezwa mchezo wa kupokezana, wanawake wawili na wanaume wawili katika timu moja, mwanamke akianza na mwanamke akimaliza. Tangu 2019 ubingwa wa dunia umegawanywa: mwaka mmoja msitu, mwaka mwingine miji. Ubingwa wa kwanza wa miji peke yake uliahirishwa kwa sababu ya korona ukafanyika Denmark mwaka 2022, kisha zamu ikawa ya Edinburgh mwaka 2024. Kile kilichodharauliwa kuwa mchezo wa bustanini leo ni nusu ya ubingwa wa dunia.

Sasa msomaji ataniuliza, unachezwaje? Ni rahisi kueleza, taabu ni kutenda. Wakimbiaji huondoka mmoja mmoja, kwa kawaida dakika moja baina yao. Ramani hupewi ila unapoondoka. Humo mna pembe tatu ya rangi ya zambarau panapoanzia, duara kwa kila kituo, na duara mbili, moja ndani ya nyingine, panapoishia. Kipimo chake ni 1 kwa 4,000, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita arobaini za ardhi, hata ngazi ya mtu na pembe ya ukuta vinaonekana. Kwenye kila kituo kuna alama ya kitambaa, machungwa na nyeupe, na kidude cha kuthibitisha kwamba umefika. Lazima uvipitie vyote kwa mpango wake. Njia ya kutoka kimoja hadi kingine ni hiari yako. Mshindi hutumia kama dakika kumi na mbili hadi kumi na tano tu, na ndani ya dakika hizo huwa ameamua mara nyingi: nipite ngazini au nizunguke bustani? Mwenye miguu mepesi na kichwa kizito huachwa nyuma na mwenye kuijua ramani.

Kuna na sheria nyingine iliyonifurahisha zaidi kuliko zote. Katika ramani za mbio hizi, bustani ya nyumba ya mtu hupakwa rangi maalumu ya kijani iliyochanganyika na manjano, na ukuta usiopitika huchorwa mstari mnene mweusi. Ukikanyaga bustani ile, au ukiruka ukuta ule hata kama waweza kuuruka, umetolewa. Haidhuru umekuwa wa kwanza. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa sheria hiyo, tulilelewa nayo. Uani kwa watu hakupitwi ovyo. Mtoto wa Mji wa Kale anaweza kukimbia kutoka Ndia Kuu hadi Bandari ya Zamani bila kugusa upindo wa pazia la mtu.

Na hapa nawaomba wasomaji wa Mombasa, Lamu na Unguja wanisikilize vizuri. Mwaka 2014 fainali za mbio fupi za ubingwa wa dunia zilifanyika Venice, Italia, mji wa vichochoro, maji na madaraja. Walioshinda ni Søren Bobach wa Denmark na Judith Wyder wa Uswisi. Kwa nini Venice? Kwa sababu mji wa zamani usiopitika kwa gari, wenye njia nyembamba zinazopinda na nyingine zisizotokea popote, ndio mtihani mkubwa kwa msoma ramani. Basi niambieni, Venice ina nini katika vichochoro ambacho Lamu haina? Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka ule ule ambao mbio fupi ziliingia katika ubingwa wa dunia. Mji Mkongwe wa Unguja ulitangulia kwa mwaka mmoja. Sisi tuna viwanja bora vya mchezo huu na hatujui kuwa tunavyo.

Wala miguu hatukukosa. Timu ya wanaume ya Kenya ilichukua ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 18 mfululizo, tangu 1986 hadi 2003. Mombasa yenyewe iliwapokea wakimbiaji wa dunia nzima tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Waliokuwepo hawajasahau joto la siku ile: Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hajashindwa mbio hizo ndefu tangu 2002, alitoka njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaondoka na ushindi. Siku ile tulijifunza kwamba mahali nako hukimbia pamoja na mkimbiaji. Lakini mbio zetu zote ni za njia iliyokwisha chorwa na kuwekewa kamba. Tumewafundisha vijana kukimbia upesi. Hatujawafundisha kuchagua njia.

Kwa maneno hayo mpwa wangu alinishika. "Mjomba, basi tufanye hapa." Siku nne tulizunguka na penseli na karatasi, tukipima kwa hatua. Tulichora barabara, mitaro, miti mikubwa, kijito, malango na vipenyo. Nikabisha hodi kwa majirani kumi na mmoja kuwaomba ruhusa ya kufunga vitambaa kwenye miti iliyo nje ya kuta zao. Tisa walikubali, na wawili kati yao ndiyo kwanza tunajuana majina baada ya miaka sita ya kupungiana mikono garini. Tukapata vituo vinane na watoto kumi na wawili: wa majirani, wa watumishi wa majumbani, na watatu wa Kibagare, ule mtaa wa mabati ulio pua na mdomo na Loresho lakini watoto wake na wa kwetu hawajawahi kucheza pamoja.

Jumamosi asubuhi tukawaondoa mmoja mmoja, dakika moja baina yao. Wa saba alikuwa kijana wa Kibagare, mwembamba, mwepesi kama paa. Wa nane alikuwa mpwa wangu. Kwenye kituo cha tano bawabu wa lango moja alimkamata yule wa saba. Wengine sita walikuwa wamepita pale pale, na karatasi ile ile mkononi, wasiulizwe neno. Huyu aliulizwa anakimbia nini na amekimbia na nini. Mpwa wangu alipofika alimkuta ameshikwa mkono. Angeweza kupita, alikuwa na nafasi ya kushinda na alijua. Hakupita. Alisimama, akamwonyesha bawabu ramani yake na ya mwenzake, akamweleza, na alipoona haeleweki akakaa chini pale pale hadi nilipofika. Bawabu hakuwa mtu mbaya; aliambiwa alinde, akalinda kwa jinsi alivyofundishwa kutazama watu. Aliomba radhi. Lakini kijana wa Kibagare alikuwa amepoteza dakika kumi na moja, na sidhani kama dakika hizo ndizo alizozisikitikia.

Aliyeshinda ni binti wa miaka kumi ambaye hakukimbia sana. Alikuwa akisimama kila njia panda, anaigeuza karatasi hadi ilingane na jua, ndipo aende.

Nimeandika haya si kwa sababu nataka kila mtoto awe bingwa wa Venice. Nimeyaandika kwa sababu tunalea watoto wasiojua walipo. Wa pwani wanapoteza kibla na suheli za babu zao. Wa Nairobi wanakua ndani ya kuta, wanapelekwa shule kwa gari, wanarudishwa kwa gari, na mtaa walimozaliwa hawaujui kwa miguu. Mtu asiyeujua mtaa wake huuogopa, na anayeuogopa humwona mwizi katika kila anayekimbia.

Dawa yake haina gharama kubwa. Walimu wa jiografia, itoeni ramani ukutani muipeleke nje. Mtoto aliyeitembea kontua kwa miguu yake hataisahau siku ya mtihani. Viongozi wa michezo wa Mombasa na Lamu, chukueni asubuhi moja kwa mwaka mkayafanye mashindano ya vichochoroni, kwa idhini ya wenye mitaa na kwa sheria ile ya kutogusa ua la mtu. Wageni wanaokuja kupiga picha milango yetu ya nakshi wangekuja kushindana baina yake. Na sisi wa Loresho tuwape mabawabu wetu habari mapema, tena tuwape na ramani, ili siku nyingine wamuulize kila mtoto au wasimuulize hata mmoja.

Mpwa wangu amerudi kwao. Juzi dadangu alinipigia simu akilalamika kwamba karatasi za nyumba zimekwisha. Kijana ameanza kuuchora Mji wa Kale: ameanzia Fort Jesus, amefika Msikiti wa Mandhry, na kila alasiri huzunguka akihesabu hatua. Nikamwuliza dadangu, huko juu ya ramani ameandika nini, kaskazini?

"La," akasema. "Ameandika kibla."